Shajara ya mradi: kutengeneza gramisidini S yenye nitrojeni-15 kwenye D-fenilalanini

Tarehe 12 Februari 2024: tunachokitafuta

Shajara hii inaandikwa ili mwanakemia mwingine mwenye maabara ndogo kama yetu ya hapa Dar es Salaam aweze kuirudia kazi bila kuyarudia makosa. Tunataka kupata miligramu 100 hivi za gramisidini S (kiuavijasumu) ambayo nitrojeni moja tu, kati ya 12 zilizomo katika kila molekuli, ni nitrojeni-15, yaani isotopu iliyo nzito kidogo kuliko nitrojeni ya kawaida, nayo ni ile ya asidi amino iitwayo D-fenilalanini. Sampuli itapelekwa kwa wenzetu walioko Ujerumani, ambao watatumia mashine ya NMR, inayosoma ishara za atomi ndani ya sumaku kali, kuchunguza namna kiuavijasumu hiki kinavyojilaza ndani ya utando wa lipidi unaofanana na utando wa seli ya bakteria.

Gramisidini S ilipatikana Moscow mwaka 1942 kutokana na bakteria wa udongo waliochunguzwa na wanasayansi Gause na Brazhnikova, ikatumika kutibu majeraha ya askari wa Kisovieti wakati wa vita, na hadi leo ni dawa ya kupaka au kumumunya tu, kwa sababu ikiingia katika damu huzipasua chembe nyekundu. Umbo lake ni duara la asidi amino 10: valini, ornithini, leusini, D-fenilalanini na prolini, kisha mfuatano uleule kwa mara ya pili. Kwa kuwa nusu mbili za duara zinalingana, kuweka alama, yaani nitrojeni-15, kwenye D-fenilalanini moja kunatoa habari ileile ambayo ingetolewa na zote mbili, ila ishara yake itakuwa na nguvu nusu. Tumeikubali nusu hiyo, kwa sababu za kifedha.

Wapo waliotuuliza kwa nini tusimwachie bakteria mwenyewe kazi hii. Akilishwa chumvi ya amonia yenye nitrojeni-15, ataisambaza katika nitrojeni zote 12. Akilishwa fenilalanini iliyokwisha kuwekewa alama, vimeng'enya vyake vya kuhamisha kundi la amino vitaing'oa nitrojeni hiyo na kuipachika kwenye asidi amino nyingine, na mwisho wake hatutajua alama iko wapi. Kununua nako kuna kikwazo chake, kwani asidi amino zenye isotopu zinazouzwa kwa wingi hutokana na mwani na viumbe hai wengine, na viumbe hao hutengeneza umbo la L. Sisi tunahitaji umbo la D, ambalo ni taswira yake ya kioo, kwa hiyo hatuna budi kulijenga kwa kemia kuanzia kwenye kitu rahisi zaidi chenye alama, yaani glisini.

Tarehe 4 Machi 2024: mzigo uliokwama

Nusu gramu ya glisini yenye nitrojeni-15 kwa kiwango cha asilimia 98 imefika nchini lakini haijatufikia sisi. Neno "isotopu" kwenye hati za mzigo lilitosha kuufanya uwekwe kando hadi tuonyeshe kibali cha vitu vyenye mionzi, kibali ambacho hakihusiki hata kidogo, kwa maana nitrojeni-15 ni tulivu kabisa na imo, kwa kiasi cha asilimia 0.37 hivi, katika hewa tunayoivuta. Barua tatu zimeandikwa. Atakayefuata njia hii aandae mapema ukurasa mmoja unaoeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba isotopu tulivu haitoi mionzi, aubandike juu ya hati zote, na asisubiri kuulizwa. Kwetu, gharama ya usafiri pamoja na ada za kuhifadhi mzigo imekwisha kuzidi mara mbili bei ya glisini yenyewe.

Wakati tunasubiri tumejiwekea kanuni: kila hatua ifanywe kwanza kwa malighafi ya kawaida isiyo na alama, kwa kipimo kilekile, kabla glisini ya thamani haijaguswa. Kanuni hii ilituokoa mara mbili. Mara ya tatu, tulipodhani tumeifuata kumbe tulikuwa tumeivunja, tulilipa.

Tarehe 21 Machi 2024: jaribio la kwanza, mkono usio wenyewe

Njia tuliyoichagua ni ya mwanakemia O'Donnell. Glisini hugeuzwa kuwa esta ya tert-butili, kisha hufungwa na imini ya benzofenoni, na mwisho huongezewa benzili bromidi ili ipate mnyororo wa pembeni wa fenilalanini. Kichocheo kinachoamua kama zao litakuwa la umbo la L au la D hutengenezwa kutokana na alkaloidi za gome la mkwinini, mti uleule unaolimwa Kivu kwa ajili ya dawa ya malaria. Mwaka 1997 wanakemia Corey na Lygo, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba alkaloidi hizo zikipachikwa kundi la anthrasenilimethili huleta upendeleo mkubwa. Masharti ya Corey yanahitaji baridi kali ya nyuzi 60 hadi 78 chini ya sifuri, na sisi barafu kavu huipata kwa bahati. Masharti ya Lygo hutumia toluini na mmumunyo wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 50 katika joto la kawaida la chumba, na upendeleo unaopungua kidogo tuliona tutaushughulikia baadaye kwa kufuwelisha, yaani kuliacha zao ligande kuwa fuwele safi.

Mmenyuko ulikwenda vizuri mno. Ndani ya saa 18 imini yote ilikuwa imetumika, na baada ya kuchemsha katika asidi hidrokloriki ya molari 6 tukapata fenilalanini safi. Tulipoipima kwa kitendanishi cha Marfey, ambacho huzigeuza taswira mbili za kioo kuwa molekuli mbili zinazotenganishika kwenye kromatografia, kilele kikubwa kilitoka mahali pa L. Tulikuwa tumetengeneza, kwa ustadi mkubwa, kile kinachouzwa dukani.

Kosa lilikuwa kwenye chupa ya kichocheo. Alkaloidi zinazohusika ni mbili, sinkonini na sinkonidini, na tofauti yao katika maandishi ni silabi moja, lakini kichocheo cha sinkonidini huleta L na cha sinkonini huleta D. Mzee wetu wa maabara, ambaye amekaa na chupa hizi tangu kabla sijaanza shule, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, uliisoma chupa au uliikumbuka?" Niliikumbuka. Sasa kila chupa ya kichocheo ina herufi kubwa D au L iliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, na kipimo cha Marfey hufanywa kwenye kila kundi jipya, hata likitokana na chupa iliyokwisha kupimwa. Kichocheo cha sinkonini tulikitengeneza wenyewe kwa siku 3, na kundi la pili la majaribio likatoa D kwa asilimia 94 dhidi ya L asilimia 6.

Tarehe 29 Aprili 2024: glisini yenye alama yaingia kazini

Mzigo uliachiliwa baada ya wiki 5. Hatua nilizozieleza hapo juu zilirudiwa kwa gramu 0.50 yote, yaani milimoli 6.57, na ninatoa namba kwa mfululizo kwa anayetaka kulinganisha: hidrokloridi ya esta ya tert-butili gramu 0.70, imini gramu 1.09, zao la benzili gramu 1.14, na hidrokloridi ya D-fenilalanini gramu 0.52, ambayo ni milimoli 2.57.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye esta, ambako mavuno yalikuwa asilimia 63. Sehemu ya hasara hiyo ni uzembe unaoepukika. Esta ya glisini ikiwa haijafungwa kama chumvi ni kimiminika kinachovukiza, na tulipokausha kiyeyushi chini ya ombwe tulikuwa tunaikausha na yenyewe. Katika majaribio hatukuligundua hilo kwa sababu glisini ya kawaida ni ya bei ndogo na hatukujali kupima mtego wa baridi. Dawa yake ni kupitisha asidi hidrokloriki katika mmumunyo wa etha kabla ya kukausha, ili esta igeuke chumvi na kutulia. Jambo la pili ni kwamba zao la benzili lisisafishwe kwenye silika, kwa kuwa imini huanza kuvunjika humo. Tulilipeleka likiwa chafu moja kwa moja kwenye asidi na kuiondoa benzofenoni kwa kuichuja na etha. Benzili bromidi ishughulikiwe ndani ya kabati la kufyonza hewa bila kukosa, maana hutoa machozi kuliko gunia la vitunguu.

Hapa ndipo mahali sahihi pa kupima kiwango cha nitrojeni-15. Fenilalanini ina kaboni 9 tu, kwa hiyo kilele cha masi 167 (kwenye kipima masi, mashine inayopima uzito wa molekuli) kinachotokana na alama hakichanganyiki sana na kile kinachotokana na kaboni-13 ya asili. Kwenye gramisidini S nzima yenye kaboni 60, karibu asilimia 70 ya ukubwa wa kilele cha kwanza hujitokeza yenyewe hatua moja juu yake kwa sababu ya isotopu za asili, na alama ya nitrojeni moja huangukia papo hapo. Anayesubiri hadi mwisho ndipo apime atabaki akikadiria. Yetu ilipimwa ikawa asilimia 98, sawa na glisini ya mwanzo. Hakuna nitrojeni iliyopotea wala kubadilishwa njiani.

Tarehe 20 Mei 2024: besi iliyopungua

Kabla ya kujenga peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, kila asidi amino hufunikwa kwa kundi kinga la Fmoc ili ncha yake ya amino isiungane kabla ya wakati. Tulitumia Fmoc-OSu badala ya Fmoc-kloridi, kwa sababu kloridi ina tabia ya kuunganisha asidi amino mbili na kuacha uchafu wa dipeptidi ambao huonekana baadaye kama ziada isiyo na maelezo katika mnyororo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni hesabu ya besi.

Katika majaribio tulitumia D-fenilalanini ya kununua, ambayo ni asidi amino huru. Ile yenye alama ilitoka kwenye uchemshaji ikiwa hidrokloridi, tena ikiwa imebeba asidi ya ziada ambayo haikuondoka wakati wa kukausha. Kabonati ya sodiamu tuliyoiweka ikaliwa na asidi hiyo, pH ikashuka kutoka 9 hadi 6, na mmenyuko ukasimama usiku kucha bila mtu kujua. Asubuhi tulikuta Fmoc-OSu nyingi imeganda chini ya chupa. Bahati ni kwamba asidi amino isiyofunikwa hubaki kwenye maji wakati ile iliyofunikwa inakwenda kwenye ethili asetati, hivyo tukaweza kuyarudisha maji, tukapandisha pH hadi 9 huku tukiipima kila baada ya dakika 10, na tukaongeza kitendanishi kipya. Jumla ya mavuno ilikuwa gramu 0.62, asilimia 62. Kwa kufuwelisha mara moja katika ethili asetati na heksani, umbo la L lilishuka kutoka asilimia 6 hadi 1.5, na tukabaki na gramu 0.52.

Kwa hesabu ya nitrojeni, tumefikisha hapa asilimia 20 ya ile iliyonunuliwa. Niliwahi kudhani kwamba gharama ya kazi hii ni bei iliyoandikwa kwenye chupa ya glisini. Sivyo: ukigawanya bei hiyo kwa 0.2 ndipo unapoanza kuikaribia gharama ya kweli, na viyeyushi bado hujavihesabu.

Tarehe 17 Juni 2024: prolini mahali pasipofaa

Ujenzi wa peptidi tunaufanya kwa mkono, ndani ya bomba la sindano la plastiki lenye kichujio chini, kwa njia ya mwanakemia Merrifield ya kuotesha mnyororo juu ya punje za resini. Swali la kwanza ni asidi amino ipi ishikishwe kwenye resini. Kwa kuwa zao la mwisho ni duara, mtu anaweza kulikata popote kwenye karatasi na kuanzia hapo.

Tulianza na prolini, na sababu yetu ilikuwa nzuri. Wakati wa kufunga duara, asidi amino iliyoko mwishoni ndiyo iliyo katika hatari ya kugeuzwa kutoka umbo moja kwenda jingine, na prolini haigeuki kirahisi. Resini tuliyokuwa nayo kabatini ilikuwa ya aina iitwayo Wang, ikiwa na milimoli 0.60 za prolini kwa kila gramu. Tukaunganisha D-fenilalanini ya kawaida, tukaondoa Fmoc, tukaunganisha leusini. Tulipopima mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 301 na mabaki ya Fmoc yaliyotolewa kwenye leusini, milimoli 0.60 zilikuwa zimekuwa 0.19. Theluthi mbili ya minyororo ilikuwa imeondoka kwenye resini.

Maelezo yake ni haya. Asidi amino ya pili inapovuliwa kinga, ncha yake ya amino huwa huru na iko karibu na esta inayoishikilia prolini kwenye resini. Prolini kwa umbo lake huukunja mnyororo, na mchanganyiko wa D na L huurahisisha mkunjo huo zaidi, basi amino huishambulia esta, pete ndogo ya diketopiperazini hufungika, na asidi amino zote mbili huoshwa pamoja na kiyeyushi. Jambo hili limeandikwa katika vitabu vyote vya peptidi. Tulilisoma, lakini tulilisoma kama habari ya peptidi za watu wengine.

Tulibadilisha vitu viwili kwa pamoja. Resini sasa ni ya 2-klorotritili, ambayo unene wake huizuia amino kuifikia esta, na asidi amino ya kwanza ni D-fenilalanini ya kawaida, hivyo prolini imekuwa ya mwisho kabisa kuunganishwa. Hatari ya kugeuka wakati wa kufunga duara tumeikubali, tukijua kwamba molekuli iliyogeuka hutoka mahali pengine kwenye kromatografia na inaweza kutengwa. Minyororo ilibaki mizima mwanzo hadi mwisho. Gramu 5 za resini ya Wang zimerudi kabatini kusubiri peptidi isiyo na prolini.

Tarehe 8 Julai 2024: kipimo kisichoona

Katika mpango mpya, D-fenilalanini yenye alama ni ya 6 kuunganishwa, juu ya prolini ya katikati. Nafasi hiyo tuliichagua kwa makusudi, kwa sababu makosa ya hatua 5 za mwanzo hayatagusa alama. Lakini kwa asidi amino za kawaida tunaweka mara 4 ya kiasi kinachohitajika ili kuusukuma mmenyuko hadi mwisho, na kwa yenye alama hatuwezi kumudu zaidi ya mara 1.5. Tulilifanyia mazoezi hilo kwa D-fenilalanini ya kawaida, na kipimo cha ninhidrini, kile kinachotoa rangi ya buluu pale amino huru zinapobaki, kilibaki cha njano safi. Tukaendelea hadi mwisho, na kipima masi kikatuonyesha kilele cha pili kikubwa kilichopungua 147, ambao ni uzito wa fenilalanini moja. Karibu robo ya minyororo ilikuwa imeruka nafasi hiyo.

Ninhidrini haitoi buluu kwa prolini, kwa kuwa amino yake ni ya daraja la pili. Kwa maneno mengine, kipimo chetu kilikuwa kipofu kwenye hatua ile moja tuliyokitegemea zaidi. Badala yake tumia kloranili pamoja na asetaldehaidi, na uzitazame punje zenyewe, siyo kimiminika: zikiwa kijani au buluu, kazi haijaisha. Tulibadilisha pia kitendanishi cha kuunganisha kutoka HBTU kwenda HATU na kuongeza muda kutoka dakika 45 hadi saa 3. Punje zikabaki na rangi yake ya kawaida, zikiwa na dalili ya kijani kwenye chache tu.

Hizo chache zilitugawa. Mwalimu wangu alitaka zifungwe kwa asetiki anhidridi ili zisiendelee, na kila molekuli itakayofika mwisho iwe na kiwango cha alama kinachojulikana. Mimi nilitaka zikamilishwe kwa D-fenilalanini isiyo na alama, kwa hoja kwamba nusu ya nafasi za D-fenilalanini katika duara hazina alama hata hivyo, na kupunguza kiwango kutoka asilimia 98 hadi, tuseme, 93 kungetuachia dawa zaidi kwa hasara ndogo ya ishara. Tulifuata rai ya mwalimu. Bado nadhani kwa sampuli inayohitaji wingi kuliko usahihi wa kiwango, njia yangu ni nafuu.

Tarehe 5 Agosti 2024: asidi iliyobaki nyuma

Ujenzi wa kwanza wenye alama ulianza na nusu gramu ya resini, milimoli 0.25, ukitumia miligramu 146 za D-fenilalanini yetu. Ulikwenda bila tatizo hadi kwenye kuutoa mnyororo kwenye resini, na hapo ndipo tulipopoteza zaidi kuliko katika makosa mengine yote ya mradi.

Resini ya klorotritili huuachia mnyororo kwa asidi hafifu, nasi tulitumia asidi trifluoroasetiki ya asilimia 1 katika dikloromethani. Makundi kinga ya Boc yanayozifunika ornithini mbili huivumilia asidi ya kiwango hicho kwa dakika kadhaa, na ni lazima yabaki, kwa sababu ornithini iliyo wazi itashiriki katika kufunga duara na kulifunga mahali pasipo pake. Katika mazoezi tulitoa miligramu chache, mililita 10 za kiyeyushi, tukazikausha kwa dakika 5, na kila kitu kilikuwa sawa. Safari hii mililita zilikuwa 120. Maji ya bomba yalikuwa yamepungua nguvu mchana huo, na pampu yetu ya ombwe huendeshwa na maji. Ukaushaji ulichukua karibu saa 2 juu ya maji ya nyuzi 40.

Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40, asidi trifluoroasetiki kwenye nyuzi 72. Kiyeyushi kinapoondoka, asidi hubaki. Asilimia 1 huwa 5, halafu 20, na mwishoni mnyororo huogelea katika asidi ileile tunayoitumia kuondoa Boc. Kipima masi kilionyesha mnyororo mzima kwenye 1,361 ukiwa mdogo, na pembeni yake vilele kwenye 1,261 na 1,161, yaani minyororo iliyovuliwa Boc moja na iliyovuliwa zote mbili. Hakuna namna rahisi ya kuzirudisha, kwa sababu prolini iliyoko mwanzoni nayo iko wazi na ingefunikwa pamoja nazo.

Ndiyo maana nilisema kwamba kanuni ya mazoezi tuliivunja bila kujua. Malighafi ilikuwa ileile na kemia ileile, lakini ujazo ulikuwa mara 12, na muda wa kukausha haukupanda kwa uwiano tuliouzoea. Tangu siku hiyo kila mchujo unaotoka kwenye resini huangukia moja kwa moja ndani ya chupa yenye piridini katika methanoli, asidi ikauawa papo hapo. Baada ya kukausha, mnyororo hutuamishwa kwa maji baridi na kuoshwa mara 3 ili chumvi ya piridini iondoke, maana trifluoroasetati ikibaki itapachikwa kwenye ncha ya prolini wakati wa kufunga duara na kuifunga milele. Anayeweza kuipata heksafluoroisopropanoli aitumie, asilimia 20 katika dikloromethani, na habari hii yote haitamhusu. Kwetu bei yake haikuwezekana.

Kutoka kundi hili tuliokoa miligramu 41 tu za gramisidini S. Minyororo iliyovuliwa tumeihifadhi kando.

Tarehe 9 Septemba 2024: kundi la pili na kufunga duara

Miligramu 146 nyingine zilitumika. Mnyororo uliotoka ulikuwa na uzito wa miligramu 290, wenye kilele kimoja kikubwa kwenye 1,361. Kufunga duara ndiko wengi hukuogopa, lakini kwa gramisidini S ni hatua ya kustarehe, kwa sababu mnyororo wenyewe hupenda kujikunja mara mbili kwenye D-fenilalanini na prolini na kuzileta ncha zake pamoja. Tuliutia katika mililita 215 za dikloromethani ili mkusanyiko usizidi milimolari 1, tukaongeza vitendanishi vya kuunganisha PyBOP na HOBt pamoja na besi ya DIEA, na baada ya saa 20 hapakuwa na mnyororo uliobaki wazi. Boc ziliondolewa kwa asidi trifluoroasetiki ya asilimia 95 kwa saa 1, dawa ikatuamishwa katika etha baridi na kusafishwa kwa kromatografia ya kimiminika kwa maji na asetonitrili. Kilele kidogo kilichotangulia, chenye masi ileile, tunakichukulia kuwa ni molekuli zenye fenilalanini iliyogeuka, na hatukukikusanya.

Zao ni miligramu 118 za chumvi ya trifluoroasetati, asilimia 34 kwa kuhesabu kutoka kwenye resini. Kwa makundi mawili yenye alama tulitumia viyeyushi vya lita 9 za DMF na lita 6 za asetonitrili, na asetonitrili peke yake iligharimu zaidi ya glisini, usafiri na ada zikijumlishwa.

Tarehe 14 Oktoba 2024: majibu kutoka Ujerumani

Kabla ya kuituma tuliilinganisha na gramisidini S ya kununua dhidi ya Staphylococcus aureus kwa mfululizo wa mirija, na zote mbili zilizuia bakteria hadi mrija uleule, kama ilivyotarajiwa.

Picha ya NMR katika kiyeyushi cha DMSO imefika leo. Protoni ya amino ya D-fenilalanini huonekana karibu na ppm 9.1, mbali na zile za ornithini, leusini na valini, kwa hiyo husomeka bila utata. Mahali hapo pana mistari mitatu: wa kati unatoka kwenye D-fenilalanini isiyo na alama, na miwili ya pembeni, iliyoachana kwa Hz 93, ni ya ile yenye nitrojeni-15, kila mmoja ukiwa karibu nusu ya ule wa kati. Mistari ya amino nyingine haikupasuka, na kwenye picha inayooanisha protoni na nitrojeni-15 kuna doa moja tu. Alama iko pale tulipoiweka na haipo kwingine.

Minyororo iliyovuliwa Boc mwezi Agosti imeingizwa leo katika asidi hidrokloriki ya molari 6 kwenye nyuzi 110 kwa saa 24, ili tuirudishe fenilalanini yake. Itakuwa na alama kwa nusu tu, kwa kuwa itachanganyika na ile ya kawaida iliyokuwa kwenye resini, lakini inafaa kwa kusawazishia kipima masi. Katika friza kumebaki miligramu 228 za Fmoc-D-fenilalanini yenye nitrojeni-15, zinazotosha ujenzi mmoja na nusu, na chupa yake imeandikwa D kwa herufi kubwa.